Mwenye Lori, Usikae na Mwenye Mzigo Mmoja

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Nina mteja mmoja, ananipa kazi kila wiki na analipa. Kwa nini nihangaike kutafuta wengine?" Anauliza mwenye semi moja aliyoinunua kwa mkopo, na anauliza mwenye malori kumi na mawili. Wapo pia wanaouliza wakiwa wameshachelewa: gari lina siku ya ishirini limepaki, dereva anadai mshahara, benki imepiga simu mara mbili.

Nawajibu wote hapa. Siwaambii mumwache mteja mzuri. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, nami nakubaliana nao. Ila mtu mmoja akiwa ndiye pekee anayekulipa, yeye ndiye anayepanga nauli yako, siku utakazolala ukisubiri kupakia, na tarehe ya malipo. Kwako linabaki deni la gari.

## Mzigo hukatikaje?

Wengi hudhani kazi hukatika kwa sababu msafirishaji ameharibu. Mara nyingi hakuna aliyeharibu. Tazameni mambo yaliyotokea kwenye barabara zetu hizi hizi:

- Amri ya serikali ya nchi nyingine. Tarehe 22 Februari 2025 Kongo ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi. Ilitangazwa kuwa ni miezi minne, ikaongezwa, na ilipofika Oktoba ukaja utaratibu wa mgao. Aliyezoea kurudi Dar es Salaam na kobalti ya Kolwezi alikosa mzigo wa kurudi bila kosa lolote.
- Mpaka kufungwa. Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka wa Kasumbalesa kwa siku chache kutokana na mvutano wa biashara na Kongo uliohusu bia na vinywaji baridi. Mpaka wa Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, ulifungwa Februari 2019 na kufunguliwa mwisho wa Januari 2022.
- Vita. Juni 2022 waasi wa M23 waliiteka Bunagana, njia ya malori yanayotoka Uganda kwenda Goma.
- Reli. Treni ya mizigo ya SGR ilipoanza Mombasa mwaka 2018, makontena ya Nairobi yakaanza kuhama barabarani. Agosti 2019 likaja agizo kwamba mizigo inayoingia Kenya ipande treni. Wenye malori na wakazi wa Mombasa waliandamana, na agizo likasitishwa Oktoba mwaka huo. Lakini miezi ile gari la kontena la Mombasa–Nairobi lisilo na kazi nyingine lilikaa tu.
- Bei ya dunia. Mwaka 2022 makaa ya mawe yalipanda bei kupita kiasi, na barabara ya kutoka Ruvuma kwenda bandari ya Mtwara ikajaa malori. Mwaka 2023 bei ikashuka. Rejesho la mkopo wa tipa halikushuka nayo.

Na lipo la sita, dogo, linalowapata wengi zaidi: mtu mmoja ofisini kubadilishwa. Mimi niliwahi kubeba saruji kwa kampuni moja miaka minne. Meneja wa usafirishaji aliondolewa Ijumaa. Jumatatu magari yangu matatu hayakuitwa, na wiki iliyofuata hayakuitwa. Hakukuwa na barua wala malalamiko. Aliyekuja alikuja na watu wake. Ilinichukua zaidi ya miezi miwili kuyarudisha yote matatu barabarani.

## Jua gari lako linakula kiasi gani likiwa limesimama

Kabla ya kumtafuta mteja yeyote, fanya hesabu hii. Nitatoa mfano, wewe uweke tarakimu zako.

Tuseme kwa mwezi semi moja inadaiwa:

- rejesho la mkopo shilingi 5,500,000
- mshahara wa dereva 600,000
- bima 450,000
- maegesho na mlinzi 150,000
- leseni na kifaa cha kufuatilia gari 100,000

Jumla ni 6,800,000. Gawa kwa siku 30: karibu 227,000 kwa siku, bila kuwasha injini. Mteja akinyamaza siku 45, umepoteza 10,200,000. Je, hizo unazo pembeni? Kama huna, hapo umeshapata jibu la kwa nini uhangaike.

Hesabu hiyo ina faida ya pili. Inakuonyesha safari ipi inakulipa kweli. Wasafirishaji wengi hutazama ukubwa wa nauli na kusahau siku. Tuseme safari ya Lubumbashi imekubakizia milioni 6 baada ya mafuta, posho na tozo, lakini kwa foleni za Tunduma na Kasumbalesa mzunguko umechukua siku 30. Umepata 200,000 kwa siku, chini ya kile gari linachokula likiwa limesimama. Safari ya Mbeya iliyokubakizia 1,800,000 kwa siku 6 imekupa 300,000 kwa siku. Nauli ya Mbeya ilionekana ndogo ukaidharau.

Basi piga hesabu kwa siku za mzunguko mzima: kutoka siku gari linaposogea kupakia hadi siku liko tayari kupakia tena.

## Majina matatu, shimo moja

Hapa naomba msome taratibu, maana ndipo wanapojidanganya hata wenye magari mengi. Mtu ataniambia, "Mimi sina mteja mmoja, nina watatu." Nikiuliza ni akina nani, naambiwa ni wakala wa forodha fulani, dalali fulani, na kampuni kubwa ya malori inayompa mizigo iliyowazidi. Tukifuatilia, wote watatu wanapeleka salfa kwenye mgodi ule ule. Mgodi ukisimama, simu tatu zinanyamaza siku moja.

Chanzo kingine cha mzigo ni kile ambacho pigo linalokiangusha cha kwanza halikiangushi. Kwa kila mteja jiulize maswali manne:

1. Fedha inatoka kwa nani mwishoni? Usimtazame aliyekupigia simu; mtafute mwenye mzigo.
2. Mzigo unapita mpaka gani? Ukipita Tunduma wote, una mpaka mmoja.
3. Ni bidhaa ya aina gani, na nani anaweza kuizuia? Madini huzuiwa na wizara, mazao huzuiwa na msimu au katazo la kuuza nje, mbolea hutegemea mvua.
4. Unaweza kupanda treni? Reli ya Lobito, inayounganisha eneo la migodi la Kongo na Bahari ya Atlantiki upande wa Angola, tayari inabeba shaba. TAZARA iko mbioni kufufuliwa. Kwa upande wetu kuna SGR na bandari kavu ya Kwala. Sisemi malori yatakwisha. Treni haifiki mlangoni kwa mwenye ghala. Nasema umbali na aina ya mizigo vitabadilika, na wewe uwe umeshajua yako ipi itahama.

Wateja wawili wanaotofautiana kwenye mambo matatu kati ya haya manne ni bora kuliko wateja watano wanaofanana.

## Anza na daftari

Usianze kwa kupiga simu. Kaa na karatasi za miezi 12 iliyopita na uandike kila safari:

- nani alilipa
- mzigo gani, kutoka wapi kwenda wapi
- ulirudi na nini, au ulirudi mtupu
- siku za mzunguko
- siku ulizosubiri malipo baada ya kushusha

Ukimaliza, jumlisha kwa kila mlipaji. Kipimo changu ni hiki: mlipaji mmoja asizidi nusu ya mapato ya mwaka. Akizidi, usimpunguzie kazi. Kazi mpya utakayoipata ndiyo iende kwa wengine mpaka nusu ifikiwe.

Safu ya mwisho usiipuuze. Unanunua dizeli kwa fedha taslimu leo, mteja anakulipa baada ya siku 60. Kwa siku hizo wewe ndiye unayemkopesha. Chanzo cha pili kinachotoa nauli ndogo kidogo lakini kinalipa ndani ya wiki moja kinaweza kuwa ndicho kitakachokuwezesha kumvumilia yule mkubwa.

## Mteja wa pili yuko njiani unaporudi

Kama unarudi mtupu, mteja wa pili hayuko mbali. Gari linalotoka Tunduma kuja Dar es Salaam linapita Mbeya penye mchele na mahindi, Makambako wanapokusanyika wafanyabiashara wa nafaka na viazi vya Njombe, na Mafinga penye mbao na nguzo. Linalotoka Rusumo au Kabanga linaweza kuuliza mizigo Kahama, Isaka na Singida. Wengi hupita miji hii usiku wakiwahi bandarini, mwaka mzima, bila kumjua hata mwenye ghala mmoja.

Fanya hivi:

- Chagua miji miwili tu kwenye njia yako. Nenda mwenyewe, kwa basi ikibidi, ukae siku mbili kila mji.
- Tafuta maghala, vyama vya ushirika na viwanda. Uliza wanasafirisha nini, miezi gani, na nani anawasumbua kwa kuchelewa.
- Acha namba yako na siku za kawaida ambazo gari lako hupita. Mwenye ghala hufurahia kujua kwamba kila Alhamisi kuna gari.
- Mpe dereva ruhusa ya kukuletea taarifa ya mzigo, na umlipe kwa taarifa hiyo. Asipolipwa atabeba kwa siri, na hilo ni hatari kwake na kwako.

Onyo: ukiwa nje ya nchi, gari lenye namba za Tanzania haliruhusiwi kubeba mzigo wa ndani ya nchi hiyo, kama kutoka Ndola kwenda Lusaka. Mzigo wa kurudi utafute wa kuvuka mpaka, au anza kuutafuta ukishaingia Tunduma.

## Pa kutafuta pengine

Zabuni za umma. Tangu mwaka 2023 zabuni za serikali zinapita kwenye mfumo wa NeST. Jisajili, hata kama leo huoni kazi ya ukubwa wako. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, kwa mfano, huhamisha mahindi kutoka mikoa inayolima kwenda yenye upungufu, na mahindi hayatembei yenyewe.

Mashirika ya misaada. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani hupitisha chakula Dar es Salaam kwenda nchi jirani na huwa na orodha ya wasafirishaji waliokaguliwa. Makaratasi ni mengi. Yaandae mara moja, utayatumia kwingine.

Miradi. Bomba la mafuta kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na mabomba yake yalisombwa kwa malori hadi kiwanda cha Sojo mkoani Tabora na kutoka hapo kwenda kambi za njiani. Kazi za namna hii hulipa vizuri, lakini zina siku ya mwisho. Ichukue kazi ya mradi huku ukijua mwezi itakaokwisha, na usinunue gari la pili kwa ajili yake peke yake.

Wasafirishaji wenzako. Kampuni kubwa zikizidiwa hugawa mizigo. Ni chanzo halali, ila kiweke cha mwisho kwenye orodha, kwa sababu kazi ikipungua gari la nje ndilo linaloachwa kwanza.

Madalali. Sijawahi kuwa adui wa dalali. Anajua mzigo uko wapi saa hii, na jasho lake linastahili kulipwa. Lakini madalali wawili au watatu, kila mmoja na njia yake, ni bora kuliko mmoja anayekuambia wengine wote ni matapeli.

## Kalenda ya ukutani

Chora miezi 12 ukutani na uandike: ufuta wa Lindi na Mtwara kuanzia katikati ya mwaka, pamba ya Shinyanga na Simiyu wakati huo huo, mahindi ya nyanda za juu kusini baada ya mavuno, mbolea kabla ya mvua, korosho kuanzia Oktoba. Utaona mara moja miezi yako mikavu na mazao yanayoweza kuiziba. Hata hivyo msimu nao haudhaminiwi. Novemba 2018 serikali iliamua kuinunua korosho yenyewe, na malori ya jeshi yakaingia kuisomba.

## Gari lako linaruhusu nini?

Sio kila mzigo ni wako. Kabla ya kusema "nitabeba", hakikisha haya:

- Uzito. Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016, iliyoanza kusimamiwa Tanzania Machi 2019, inaweka kikomo cha tani 56 pamoja na gari lenyewe. Hata chini ya hapo kila ekseli ina kikomo chake. Mteja mpya anayekuambia "Mizani ya Vigwaza nitaongea nao" mkatae hapo hapo. Faini ni yako, leseni ni yako.
- Vibali. Kemikali zina taratibu za Mkemia Mkuu wa Serikali, mafuta yana za EWURA, mbao na mkaa zina za Wakala wa Misitu. Gari lililokamatwa na mbao zisizo na kibali linaweza kukaa kituoni muda mrefu kuliko mwenye mbao.
- Bima. Soma mkataba wako wa bima ya mizigo: unataja nchi zipi, bidhaa zipi, kiasi gani? Aliyekatia bima saruji ya ndani, kisha akabeba shaba ya Kongo, huenda hana bima.
- Usafi. Gari lililobeba salfa lisipakie mahindi kabla ya kuoshwa na kukaushwa vizuri. Mzigo mmoja wa chakula ukikataliwa, jina lako linazunguka maghala yote ya mji.
- Vifaa. Turubai zima, mikanda, minyororo na mbao za pembeni ni gharama ndogo ukilinganisha na kukosa aina nzima ya mizigo.

## Makosa ninayoyaona kila mara

1. Kuingia kwa mteja mpya kwa nauli ya hasara. "Nitapandisha baadaye." Hupandishi. Atakuja mwingine mwenye hasara kama yako.
2. Kumpelekea mteja wa zamani gari bovu. Gari zuri na dereva mzuri wanapelekwa kwa mgeni ili kumvutia, na aliyekulisha miaka mitatu anaanza kupokea visingizio.
3. Kukopa gari jingine kwa ahadi ya mdomo. Subiri angalau miezi mitatu ya malipo yaliyoingia benki.
4. Kutuma fedha ili upewe mzigo. Kwenye makundi ya simu kuna mizigo hewa mingi. Anayetaka "ada ya kuhifadhi nafasi" kabla hujaona ghala, nyaraka na mwenye mzigo, mwache.
5. Kupokea wateja wapya wanne kwa mpigo. Ukiwa na magari mawili, utamchelewesha kila mmoja.

## Hofu mnazonitajia

*"Mteja wangu akijua atakasirika."* Wengine watanuna, ni kweli. Mwambie wazi: gari lako likiitwa naye siku mliyokubaliana, litakuwepo, siku zisizo zake linafanya kazi nyingine. Anayetaka gari lisimame likimngojea peke yake, muombe mkataba wa maandishi wenye idadi ya safari kwa mwezi, au malipo ya siku za kusubiri. Akikataa vyote viwili, amekuambia mwenyewe jinsi anavyokuhesabu.

*"Nina gari moja tu, nitaligawaje?"* Hugawi gari, unagawa safari. Kwa kuanzia, kati ya kila safari nne, moja iwe ya mtu mwingine. Safari hiyo moja inatosha kukufanya ujulikane kwake, ili siku mambo yakiharibika uwe na mahali pa kupiga simu ukatambuliwa kwa jina. Wenye gari mojamoja kwenye njia moja pia mnaweza kuungana: mteja anayetaka magari matano kwa siku hatamsikiliza mwenye moja, lakini atawasikiliza watano wenye makubaliano yaliyoandikwa.

*"Sina muda, mimi ndiye fundi, mhasibu na msimamizi."* Nakuelewa. Tenga saa mbili kila Jumatano, si zaidi. Piga simu tatu kwa watu wapya na mbili kwa wale uliowahi kuwabebea. Kwa mwaka hizo ni simu zaidi ya mia mbili.

*"Wateja wakubwa hawamtaki mdogo."* Wengi humkataa mdogo asiye na makaratasi. Weka faili moja yenye cheti cha BRELA, TIN, leseni ya LATRA, hati ya uthibitisho wa kodi, bima ya gari na ya mizigo, picha za gari, na barua mbili za wateja uliowahudumia. Barua hizo ziombe sasa, wakati mteja wako wa leo bado anakufurahia na meneja anayekujua bado yuko kitini. Mimi sikuomba. Miaka minne ya saruji sikuwa na karatasi hata moja ya kuthibitisha kwamba niliibeba.

Kwa hiyo ndugu yangu mwenye lori, daftari lifungue wiki hii, gari likiwa bado lina mzigo. Ukianza siku limepaki, kila utakayempigia atasikia shida kwenye sauti yako, na nauli atakayokutajia itakuwa ya mtu mwenye shida.